Noti za maumbo: kwa nini "do" inaimbwa "fa"?

Sauti_ya_Tatu: Wakuu, kwaya yetu inasoma solfa ya d r m. Tunajaribu The Sacred Harp, kitabu cha nyimbo cha noti za maumbo kutoka Georgia, Marekani (1844), na tunapotea kabisa. Tukaririje?

BesiNzito: Majina ya noti ni manne tu, kila moja na umbo lake: fa pembetatu, sol duara, la mraba, mi almasi. Ngazi ya meja huenda fa sol la fa sol la mi fa. Yaani do na fa zenu zote ni "fa", re na sol ni "sol", mi na la ni "la", ti ni "mi". Mnapotea kwa sababu mnasikia "mi" mkaishusha iwe noti ya tatu ya ngazi. Tafuteni almasi: nusu toni juu yake ndipo nyumbani, yaani noti ya msingi ya ngazi. Kwenye ngazi ya maina (minor), nyumbani ni "la".

Mpiga_Lami: Pia msiruke raundi ya kwanza: imbeni majina ya maumbo, ndipo maneno. Kaeni mraba, mkiangaliana, kiongozi katikati akiwaelekea waimbaji wa tenor. Kinanda hakuna. Na soprano wasijitanue, melodia wanayo waimbaji wa tenor!

Sauti_ya_Tatu: Kumbe! Soprano wetu watanuna.