Naomba ushauri: shilingi ya fedha ya 1787, mioyo imelika au haikuwepo?

Wakuu, habari zenu. Nina shilingi ya fedha ya Mfalme George III, ya mwaka 1787, niliyoinunua kwenye soko la vitu vya kale hapa Uingereza. Wenye uzoefu mnajua shilingi za mwaka huo ziko za aina mbili: kwenye ngao ya Hanover (nembo ya jimbo la Ujerumani ambalo mfalme huyo alilitawala pia), zipo ambazo simba amezungukwa na vijimioyo, na zipo ambazo mhuri wa chuma uliozipiga haukuchongwa mioyo hiyo. Zipo pia zisizo na nukta juu ya kichwa cha mfalme, ila yangu nukta inaonekana wazi.

Shida yangu ni mioyo. Sehemu ya simba ni ndogo kama punje ya mtama. Nimeiangalia kwa lenzi ya kukuza mara 10, taa nimeilaza pembeni. Mgongo wa simba umesagika, na nyuma ya mkia kuna vinundu viwili: sijui ni mioyo iliyolika au uchafu wa miaka mingi. Kuisugua siwezi, fedha ya kale ikisuguliwa ndiyo imeharibika. Muuzaji alishikilia kwamba haina mioyo, na bei akaipandisha kwa sababu hiyo.

Je, mnatofautishaje mioyo iliyolika na ile isiyokuwepo kabisa? Nikiiloweka kwenye asetoni (kimiminika cha kuyeyusha mafuta na gundi) bila kuigusa, uchafu utatoka salama? Na picha niipige mwanga ukitokea upande gani? Natanguliza shukrani.