VT220 inaandika "OK" kisha inanyamaza: mliozitumia mnasemaje?

Fundi_Ntinda
Wazee wangu, salaam. Kwenye stoo ya ofisi moja hapa Kampala nimepewa skrini nzito na kibodi yake, imeandikwa VT220. Nimeiwasha, ikakaa kidogo, ikaandika VT220 OK, basi. Nabonyeza herufi, hakuna kitu. Imekufa?

Mama_Walukuba
Mwanangu, haijafa. Hiyo OK maana yake imejipima ikajiona nzima. Hiyo si kompyuta, ni terminali: kazi yake ni kupeleka unachoandika kwenye kompyuta kuu kwa waya, na kuonyesha kinachorudi. Hata herufi unayobonyeza huwa inakwenda kwanza kwa kompyuta kuu ndipo irudi uione. Bila waya, nani akujibu? Bonyeza F3 ufungue mipangilio, itoe On Line (kuongea na kompyuta kuu) uiweke Local (kujiandikia yenyewe). Utaona.

Mimi nilikuwa karani wa mishahara hapa Jinja, nikaanza na hizo 1986. Mistari 24, kila mstari herufi 80, na hizo 80 zilitutesa. Shilingi ilikuwa imeanguka sana, jumla za mwezi zikawa ndefu kuliko nafasi zilizopangiwa, tarakimu zikawa zinakatwa. Mei 1987 serikali ikafuta sifuri mbili kwenye shilingi. Watu walilia kwa ile asilimia 30 waliyokatwa walipobadilisha pesa, nami nililia, lakini jumla zikaingia mahali pake.

Kilichotuumiza zaidi ni F1, kitufe cha kusimamisha skrini. Usiku mmoja wa kufunga mwezi mwenzangu aliigusa bila kujua, skrini ikaganda. Akaingiza mfanyakazi, haoni kitu. Akarudia. Akarudia tena. Nilipoinama nikaona kitaa cha Hold Screen kinawaka juu ya kibodi. Nikabonyeza F1, yote yakamwagika kwa mkupuo: mtu mmoja, mishahara mitatu. Tulifuta hadi saa tano usiku, na yule dada alikuwa analia kweli, maana alijua angeitwa mwizi. Ctrl-S nayo inagandisha hivyohivyo. Dawa yake Ctrl-Q.

Opio_nyaya
Ukipata waya, hakikisha kasi ya mawasiliano ni moja pande zote mbili. Sisi tuliweka biti 9600 kwa sekunde. Zikipishana, skrini inajaa alama zisizosomeka, na watu huanza kufungua mashine bure.

Fundi_Ntinda
Mama, imeandika! Nimeandika jina la marehemu babangu, likatokea kwa rangi ya asali. Ila kioo kina kivuli cha mistari kama fomu, hata nikizima kipo. Nisugue na nini?

Mama_Walukuba
Usisugue, mwanangu, kimeungua kwa ndani. Hiyo ni fomu iliyokaa wazi mbele ya karani mmoja kutwa nzima, mwaka hadi mwaka. Ya kwangu ilikuwa na mraba wa jina juu kushoto na mstari mrefu wa jumla chini. Ukiweza, piga picha uiweke hapa. Nataka kuiona.