Ndago zimenishinda na tungule (nyanya) zangu karibu zihamishwe, naombeni ushauri

BintiTunguu
Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Tunguu, Unguja. Nina bustani nyuma ya nyumba, matuta kumi na mawili: mchicha, bamia, pilipili na mabilingani. Mchicha ndio unaonipa hela ya kila siku, nauza kwa wanawake wanaopeleka Mwanakwerekwe. Sasa nimevamiwa na ndago, magugu haya yanayofanana na nyasi, na mbinu zimeniishia.

Zilianza vuli ya mwaka juzi. Nilinunua gari moja ya udongo mweusi wa bondeni, kwa sababu hapa petu ukichimba kidogo tu unakutana na mawe. Tuta nililolijaza udongo ule ndilo lililoota ndago mwanzo. Nikang'oa kwa mkono, nikaona ni majani tu kama majani mengine. Leo ziko kwenye matuta manane.

Kila Ijumaa nang'oa, Jumatatu zishachomoza urefu wa kidole. Nilitandika nailoni nyeusi, zikaitoboa kama sindano ya kushonea magunia. Nikanunua dawa dukani, muuzaji akanambia inaua kila kitu. Majani yaliungua siku ya pili nikafurahi, baada ya wiki mbili zikarudi na kijani cha kupendeza, na iliyokufa ni mibilingani yangu miwili ya pembeni.

Juzi nikachukua panga nikachimba mche mmoja tu, nikaufuata taratibu kwa vidole. Chini ya shina pana kijinundu cheusi, kutoka hapo uzi mwembamba mgumu, halafu kijinundu chengine, uzi tena, chengine, kama tasbihi. Nilihesabu kumi na nne, kisha uzi ukaingia chini ya tuta la pili. Nilikaa kitako pale pale.

Tungule ziko kwenye kitalu, baada ya wiki tatu zinataka kuhamishwa. Nizipande wapi? Na hizi ndago zinaondoka kweli, au ndiyo nihame bustani?

Mvuvi_Uroa
Pole dada. Sie huku njiani na uwanjani tunamwagia maji ya bahari, nyasi zinakauka. Halina gharama hilo, jaribu.

MamaWawili
Kaka, njiani sawa, hapapandwi kitu. Kwenye tuta la mboga tafadhali asifanye hivyo. Chumvi inabaki kwenye udongo, na mboga itaumia kabla vinundu vya chini havijaguswa. Marehemu mama yangu aliwahi kumwaga maji ya chumvi kwenye kona ya bamia, na kona ile ilikaa misimu miwili haioti kitu cha maana. BintiTunguu, usimwage chumvi mwanangu, ndago utazimaliza siku moja lakini udongo uliokwisha haribika ni kazi kuurudisha.

MzeeWaOle
Waalaykum salaam mwanangu. Mimi niko Ole, Pemba, na nimepigana na ndago tangu sijaota mvi.

Kwanza hakikisha ni ndago. Shika shina ulizungushe baina ya vidole: la ndago lina pembe tatu, utazisikia. Ukoka shina lake ni la duara na hutambaa juu ya ardhi. Vunja na kinundu unuse, cha ndago kinanukia. Hiyo tasbihi uliyoiona inanionesha ni ndago, lakini angalia, kwa sababu dawa ya ukoka si dawa ya ndago.

Sasa sikiliza inavyoishi. Majani ni mdomo tu, ghala liko chini. Vinundu vingi viko ndani ya shubiri moja ya udongo, vichache vinashuka zaidi. Katika mlolongo ule, kikishaota kimoja vyengine vinalala vinangojea. Ukipita na jembe ukaukata uzi, kila kimoja kinajiona kiko peke yake, kinaamka. Ndiyo maana mtu analima mara moja, anaondoka, akirudi anakuta ndago mara tatu ya mwanzo, akadhani amerogewa shamba.

Lakini hapo hapo ndipo pa kuikamatia. Kinundu kilichoamka kinakula akiba yake ili kitoe majani. Majani yakipata jua kiasi cha wiki tatu, mmea unaanza kutengeneza vinundu vipya. Kwa hiyo usiuache ufike huko. Fanya hivi, na uanze sasa maadam kaskazi imekausha ardhi:

Chimba kwa jembe uma, si kwa jembe la kawaida linalokatakata. Inua bonge zima, lipasue kwa mkono, toa vinundu utie ndooni. Vianike kwenye sakafu ya uani au juu ya bati mpaka vikauke kabisa, kisha vichome moto. Usivitupe jaani wala kwenye shimo la mboji, utakuja kuvirudisha mwenyewe pamoja na mbolea. Tuta lenyewe liache wazi lipigwe na jua. Baada ya wiki mbili zitachipua zile ulizozikosa, chimba tena. Wiki mbili nyengine, tena. Mara ya kwanza utalia, mara ya tatu utaona vinundu vimekuwa vidogo na vyepesi, ndani havina kitu. Kung'oa kwako kila Ijumaa hakukuwa kubaya, ila unabakisha ghala, na siku ukiumwa ukakosa wiki tatu, limejaa tena.

BintiTunguu
Shikamoo baba, Mungu akulipe kheri. Sijawahi kuelezwa hivi. Tatizo langu moja: nikiyaacha matuta manane wazi kwa miezi miwili, ada za skuli za watoto zinatoka wapi?

ShambaBumbwisudi
Dada usiyaache yote manane. Mie nililima hivi. Matuta yako manne safi wape tungule, maana tungule inakaa muda mrefu na hutaki kuchimbachimba kwenye mizizi yake. Katika manane, manne yachimbe kama alivyosema mzee. Manne yaliyobaki endelea na mchicha, lakini mchicha wa kung'oa, usiwe wa kuchuma. Wiki tatu, nne, unang'oa tuta zima, na siku hiyo hiyo unachimba ndago ndipo unasia tena. Mchicha unakulipa wewe na unakupa ratiba.

Masika yakianza, matuta uliyoyachimba panda viazi vitamu kwa karibu karibu. Ndago haipendi kivuli hata kidogo. Viazi vikishafunika ardhi, inayochomoza inatoka nyembamba, ya njano, haina nguvu ya kutengeneza vinundu. Na wewe huku unachuma matembele unauza. Mie mwaka ule matembele yalinipa zaidi ya viazi vyenyewe, kwa sababu viazi vyengine nilivikuta vimetobolewa na ndago katikati, imepita kama msumari.

Palilia kwa mkono mwezi wa kwanza mpaka vifunike. Watu wengi wanashindwa hapo, wanadhani kiazi kitapigana peke yake tangu siku ya kupandwa.

BwanaShambaMstaafu
Naongezea kuhusu dawa, kwa sababu dada ameshapoteza pesa na miche. Dawa uliyouziwa inaonekana ni ya kuunguza, inaua majani inayoyagusa na kuishia hapo. Ipo aina ya pili, zenye glaifoseti, ambayo mmea unainywa kwa majani na kuishusha chini. Hiyo inafika kwenye kinundu, lakini kwa masharti. Ndago iwe na majani ya kutosha, mabichi, haijatoa maua yake ya kahawia. Iwe haina kiu, maana iliyonyauka hainywi dawa. Usiwe umeing'oa siku za karibuni. Na kinundu kilicholala, kisicho na jani, hakipati kitu, kwa hiyo utarudia.

Inaua mboga pia. Upepo wa kaskazi wa mchana unaweza kuipeleka kwenye tungule zote. Kwa bustani yenye matuta kumi na mawili yaliyobanana mimi nisingeitumia. Ukiamua, iwe kwenye tuta tupu, asubuhi upepo umetulia, umevaa glavu na nguo ya mikono mirefu, na mbali na kisima. Soma kibandiko, usipime kwa jicho.

Ukitaka mtu aje akuangalie, nenda Kizimbani kwa watu wa utafiti wa kilimo, chukua mche mzima pamoja na vinundu vyake ndani ya mfuko uliofungwa.

BintiTunguu
Kisima changu kiko hatua kumi kutoka tuta la mwisho. Dawa naiacha. Jembe uma nimeshaazima, naanza kesho alfajiri.

MamaWawili
Na ukitoka kwenye matuta yenye ndago kwenda kwenye safi, osha jembe na viatu. Mimi ndivyo nilivyozihamisha mwenyewe kutoka kona moja hadi nyengine, kwa matope ya jembe.

BintiTunguu
MREJESHO. Samahanini kwa kukaa kimya, sasa tuko kipupwe.

Matuta manne ya kwanza yalinichukua siku sita na mgongo uliniuma kweli. Ndoo ya lita 20 ilikaribia nusu, vinundu vitupu. Mara ya pili vilijaa kopo la maziwa, tena kopo dogo. Mara ya tatu nilipata konzi mbili, na baba wa Ole alisema kweli, ukiviminya vinabonyea. Nilivianika juu ya bati, na niliuchoma hata uzi wake.

Viazi nilipanda mvua za mwanzo za masika, na vilifunika baada ya wiki sita hivi. Matembele nachuma mara mbili kwa wiki. Ndago bado zipo, sisemi zimekwisha. Nikiinua majani naziona moja moja, nyembamba kama uzi wa kushonea, nazitoa kwa kisu cha jikoni pamoja na kinundu. Pembeni ya ua ndipo zilipo nyingi, huko sijafika. Matuta manne ya mchicha nayo yamepungua ila taratibu, naona yatataka msimu mwengine.

Tungule zimebeba. Ndago mbili tu zimetokea humo, nimezikuta mapema.

Jana jirani yangu alikuja na mapolo kuniomba udongo wa lile tuta la kwanza kabisa, anataka kupandia pilipili. Nilimkatalia, nikamshika mkono nikamwonesha kopo la vinundu nililoliweka. Alivitazama akanambia hivi hata kwake vipo, alidhani ni mizizi ya mnazi. Nimemkatia mbegu za viazi, vikonyo vitupu visivyo na mzizi wala tope, na jembe uma atalichukua Jumamosi.