Mjadala: Magadi yakishapanda kwenye jaruba la mpunga, tuanze na miti au na mitaro?

Ndugu wakulima, kwenye kikao cha skimu yetu ya umwagiliaji wiki iliyopita tulibishana hadi giza likaingia. Kuna mradi unataka kutugawia miche ya bure tuchanganye na mazao kwenye majaruba yaliyoharibika kwa magadi, yaani chumvi ya udongo. Mwenzetu mmoja akasimama: "Mti ndiyo dawa, mizizi inanyonya chumvi yote." Wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na nataka niseme sababu, kisha mnipinge.

Mti haunyonyi chumvi ukaimaliza. Mti unakunywa maji. Huku tambarare ya chini ya Moshi magadi yanapanda kwa kuwa maji ya ardhini yamekaribia juu: jua linayavuta, yanapotea hewani, chumvi inabaki. Jaruba langu la chini nikilifikia alfajiri nalikuta jeupe kama limemwagiwa sembe, nikikanyaga linavunjika kama ukoko. Nikilifungulia maji yanatuama siku tatu, meusi kama chai ya rangi, hayazami. Mpunga unaungua ncha na kudumaa.

Australia Magharibi walifyeka misitu ya mikaratusi wakalima ngano. Mizizi ya ngano ni mifupi, mvua ikazama kuliko zamani, maji ya chini yakapanda na chumvi yake. Mhandisi wa reli, W. E. Wood, aliliandika hilo mwaka 1924. Leo zaidi ya hekta milioni moja zimeathirika. Funzo ninalolichukua kwao ni kwamba mti unafaa zaidi pale maji yanapoingilia ardhini. Ukiupanda juu ya chumvi yenyewe unakunywa maji machungu, unadumaa, na chumvi inajirundika kwenye mizizi yake.

Sasa kwetu maji yanaingilia wapi? Mifereji ya udongo inavuja usiku na mchana. Na mitaro ya kutolea maji imejaa matete, wengine tumelima magimbi humo humo. Nasema "tumelima" kwa sababu nami nimo. Maji yataondokaje? Msimamo wangu: tuzibue mitaro kwanza, tuweke samadi, na palipo na magadi makali tuweke jasi, yale madini ya kutibu udongo wa magadi. Miti ikae kando ya mfereji unaovuja, isiwe katikati ya mpunga inakotupa kivuli na kuwapa ndege pa kutua. Ndani ya jaruba ningekubali sesbania tu, mmea wa jamii ya kunde, inavumilia chumvi na maji, na ukiilaza kwenye tope kabla ya kupandikiza inakuwa mbolea.

Kikaoni kuna aliyetaja Karnal, kule Haryana, India, na ana hoja nzito. Ni kweli walipanda mathenge, mti wa miiba (Prosopis), pamoja na nyasi kwenye ardhi ya magadi na udongo ukapata nafuu. Lakini Baringo, Kenya, mathenge huo huo ulioletwa miaka ya 1980 umemeza malisho. Mwaka 2006 wananchi walimfikisha mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi, ushahidi wa kilichofanywa na maganda ya mti huo. Sisi mbuzi wetu wanazurura baada ya mavuno. Mbegu watazisambaza wao.

Halafu kuna jambo kikaoni lilipitwa haraka: wengi wetu tumekodi. Mwenye shamba akikuona unapanda mti anajua unaweka alama ya umiliki, msimu ujao hakupi. Mradi uliopita uligawa migrivea, miche ikafia kwenye viriba nyuma ya nyumba zetu. Haikuwa uvivu, hatukuwa na ardhi ya kuipanda.

Ndugu wa skimu za mpunga za Ndungu, Dakawa na Mbarali, nataka kusikia kwenu: kuna aliyepanda miti kando ya mfereji akaona maji ya kisima chake yakishuka? Alipanda mti gani, hatua ngapi kutoka kwenye mpunga, na shamba ni lake au la kukodi?