Mchango wa "setilaiti" skuli za Pemba: tunataka hesabu

Asalaam aleikum wadau. Nimekasirika na sifichi.

Nasomesha fizikia sekondari huku Pemba. Mwaka jana walitujia vijana kutoka Unguja, na fulana zao na projekta, wakapita skuli baada ya skuli wakichangisha "setilaiti ya kwanza ya wananchi wa Zanzibar". Wakawasimulia watoto habari za chombo cha LightSail 2: Planetary Society, jumuiya ya wapenzi wa anga ya Marekani, ilivyochangisha zaidi ya dola milioni 1.2 mwaka 2015 kwa watu zaidi ya 23,000, chombo kikarushwa Juni 2019, kikatandaza tanga la mita za mraba 32 likisukumwa na mwanga wa jua. Habari hiyo ni ya kweli, ndiyo maana iliwaingia. Mtoto wa Pemba umwambie huko juu kumepita chombo kilichokwenda kwa tanga, usiku huo atalala?

Basi wakatoa pesa zao za mandazi. Wazee waliokuwa wameuza karafuu wakatuma kwa simu, na kina mama wa mwani nao hawakubaki nyuma. Tangu hapo kimya. Nilipouliza hesabu kwenye kundi la WhatsApp nikajibiwa, "Mwalimu, sayansi inataka subira." Kesho yake nikatolewa.

Subira gani? Kwamba vyombo vya anga hufeli tunajua, na hatulalamikii hilo. Setilaiti ya KickSat ya Marekani ilichangiwa na watu, ikafika angani mwaka 2014 na vijisetilaiti 104 tumboni, ikashindwa kuvitoa, ikaungua Mei mwaka huohuo. Waliochangia wakaelezwa kilichotokea, na 2019 KickSat-2 ikavitoa vyake. Kampuni ya Planetary Resources ya Marekani walikusanya dola kama milioni 1.5 mwaka 2013 kwa ajili ya darubini ya angani. Mradi ulipowashinda, 2016 wakarejesha pesa za watu. Kwa hiyo msituambie ndivyo miradi ilivyo.

Na yule aliyeandika humu kwamba Wapemba tumejitakia, anga si mambo yetu, akaulize wazee wa Tunguu. Wamarekani walijenga kituo hapo Unguja cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, kikafanya kazi mpaka 1964. Watoto wetu wana haki ya kulitamani anga kama watoto wa popote, na tamaa hiyo nzuri ndiyo iliyogeuzwa mtego. Sasa nikitaja sayari darasani kuna wanaoguna. Hilo ndilo linaloniuma kuliko shilingi.

Nyinyi wachangishaji mnasoma humu, nawajua. Semeni nani anakitengeneza chombo, mmeomba masafa gani ya redio, mmepata nafasi kwenye roketi ya nani, na pesa zimebaki kiasi gani. Kama hamna cha kuonesha, rejesheni kwa namba zilezile zilizotuma. Za watoto zileteni skuli, mkononi. Orodha ya kila aliyetoa ninayo.