Betri za tochi zilizoandikwa 9,900 mAh: nimezipima, hakuna iliyofika hata 1,200

Ndugu zangu, nimevumilia mwezi mzima kabla ya kuandika haya, na hasira bado haijanitoka. Ninasimamia yadi ya malori hapa Busia, upande wetu wa Uganda, ambako walinzi wawili huzunguka baina ya malori kuanzia saa moja jioni hadi alfajiri, na tochi huwafaa kuliko rungu. Nilinunua Kampala, maeneo ya Kikuubo, betri nne za kuchaji pamoja na chaja yake kwa shilingi 60,000, na kila betri ilikuwa imeandikwa kwa maandishi manene 9,900 mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri hubeba ikijaa. Usiku wa kwanza, saa nne haijafika, mlinzi alinigongea mlango akiwa na tochi iliyofifia kama kaa la mwisho jikoni.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya 9,900 mAh inapaswa kutoa ampea moja kwa karibu saa kumi, na tochi zetu hutumia takriban kiasi hicho zikiwashwa kwa mwanga mkali. Kwa kuwa mlinzi huwasha na kuzima, betri kama hiyo ingemvusha usiku kucha na kubaki na akiba.

Kilichonitia shaka kwanza ni chaja yenyewe. Imeandikwa kwamba hutoa miliampea 500, kwa hiyo betri ya 9,900 ingelazimika kukaa humo si chini ya saa ishirini, lakini taa ya kijani iliwaka hata saa mbili hazijatimia. Jerikeni la lita ishirini likijaa kwa vikombe viwili, basi hilo si la lita ishirini.

Nikaenda kwa fundi wa simu mwenye chaja ya kupimia, ile inayoijaza betri, kisha kuimaliza polepole huku ikihesabu kilichotoka. Betri tatu zilitoa 640, 590 na 710. Ya nne ikatoa 1,180. Tofauti hiyo ilimshangaza fundi, akaichuna ile ya nne ganda lake la plastiki kwa wembe, taratibu sana, maana betri za lithiamu zikitobolewa huweza kulipuka moto. Kwenye ncha zake tukaona makovu ya kuchomelea. Iling'olewa kwenye betri ya kompyuta ya mkononi iliyokwisha kuchoka, ikavishwa nguo mpya na kurudishwa sokoni. Zile tatu tukazipeleka kwa jirani anayenunua dhahabu ya Tiira, na mizani yake ikasema gramu 31, 30 na 31, ilhali betri nzuri ya ukubwa huu, unaoitwa 18650 kwa sababu ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, huwa na gramu 45 au zaidi kidogo.

Tena naomba tuelewane: silalamikii upungufu mdogo. Betri ya 3,400 ikitoa 3,200 sitafungua kinywa, kwa sababu kiasi kinachotoka hutegemea pia unaitumia kwa nguvu gani. Lakini betri za 18650 za Panasonic, Samsung au LG, ambao wamezitengeneza kwa miaka mingi, hazivuki 3,600 hivi, na hata zile chache zinazojaribu kupita hapo hazifiki nusu ya 9,900. Aliyeandika namba hiyo hakukosea kupima. Aliandika kitu ambacho hakipo duniani.

Nilipompigia muuzaji, alinijibu, «Mzee wangu, namba hiyo siiandiki mimi, mzigo unakuja nayo.» Nikamuuliza kama ana za 2,600. Akacheka, akasema anayo katoni nzima imekaa tangu Krismasi, kwa sababu mteja akiziona kando ya 9,900 kwa bei ileile, hazigusi. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli, kwa kuwa mteja huyo nilikuwa mimi: katoni hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu siku ile, nikaipita. Uongo wa namba haukuishia kunilia fedha zangu tu. Umeifanya bidhaa ya kweli ionekane hafifu, na kesho muuzaji huyo hataagiza tena za 2,600.

Nimezinunua mbili kupitia dereva wa taksi. Moja imetoa 2,540, nyingine 2,510, na tangu hapo mlinzi hajanigongea mlango.

Fedha zangu amekataa kuzirudisha, akidai kwamba nimeiharibu betri kwa kuichuna. Zote nne ziko mezani kwangu, moja ikiwa uchi na tatu zikiwa na maganda yake. Akitaka tuzipime pamoja, aje. Jirani hufunga mizani yake saa kumi na moja jioni.