Uchumi: Mzumbe, SUA au chuo kikuu cha ufundi Berlin?

Kijana wa Newala: Wakuu, shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, EGM (uchumi, jiografia na hesabu), hesabu nina B. Nataka shahada ya uchumi. Baba anapendekeza Chuo Kikuu Mzumbe. Mjomba wa Masasi anasema SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nisome uchumi wa kilimo, maana sisi ni watu wa korosho. Binamu yangu aliyeko Ujerumani anasema niombe TU Berlin, chuo kikuu cha ufundi, nacho kinatoa shahada ya uchumi. Tofauti yake hasa ni ipi?

Takwimu Shangani: Mdogo wangu, tofauti kubwa ni hesabu. Kwenye chuo kikuu cha ufundi umezungukwa na wahandisi, na uchumi nao hufundishwa kwa mtindo huo: kalkulasi, matriksi, takwimu, ekonometriki (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu), na kompyuta ya kuchakata data. MIT ya Marekani ni chuo cha teknolojia, lakini ndiko alikofundisha Paul Samuelson, aliyeujenga uchumi wa kisasa juu ya hesabu. Mzumbe uchumi una matawi: sera na mipango, usimamizi wa miradi, idadi ya watu na maendeleo. Ukitaka halmashauri au wizara, huko kunakufaa sana.

Mama Tandahimba: Mimi nasimama na mjomba. Mwaka 2018 wanunuzi wa korosho walitoa bei ndogo mnadani, wakulima wakagoma kuuza, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tulihitaji watu wetu wa kutueleza kwa nini bei ya mnada inapanda au kuporomoka. Wapo wachache mno. Soma SUA, urudi kwenye AMCOS zetu, vyama vya ushirika vya wakulima.

Takwimu Shangani: Mama, hoja yako ni nzito, lakini minada yenyewe ni hesabu. Nobel ya uchumi ya 2020 walipewa Paul Milgrom na Robert Wilson kwa nadharia ya minada: mnunuzi akihofia kulipa kupita thamani ya mali, anapunguza bei, akipewa taarifa za uhakika kuhusu ubora, anathubutu kupanda. Hapo ndipo ubora wa korosho ghalani unapoingia. Mtu wa kulipima hilo kwa data za misimu yetu anaweza kutoka SUA, anaweza kutoka Berlin, mradi hesabu zake zimekaa.

Mwalimu Nachingwea: Tuzungumze gharama. Vyuo vya umma Berlin havitozi ada, unalipa mchango wa muhula tu. Ila viza inadai uonyeshe fedha za kujikimu: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, kwenye akaunti maalumu. Shahada ya uchumi pale TU inafundishwa kwa Kijerumani, na wengi wenye vyeti vya nje huanza na mwaka wa maandalizi, Studienkolleg. Kwa hapa nyumbani kuna mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na kwa miaka mitatu unamaliza. Mzazi asiye na akiba hiyo asiuze shamba la mikorosho kwa ajili ya viza.

Kijana wa Newala: Asanteni sana. Shamba haliuzwi. Naomba SUA kwanza, Mzumbe ya pili, na Berlin nitaifikiria kwa shahada ya uzamili. SUA hesabu zake zinafika ekonometriki? Aliyesoma pale anieleze.